Mzungu Alijengewa Chumba, Sisi Tukaletewa Sanduku

Wasee, swali rahisi kwanza. Shule yako ya msingi ilikuwa na maktaba? Wengi mtasema ndiyo. Haya, swali la pili: uliwahi kuketi ndani yake?

Hapo ndipo watu hunyamaza. Kwa sababu hiyo "maktaba" ilikuwa kabati la chuma ndani ya ofisi, na ufunguo uko na mwalimu mmoja. Siku mwalimu hayupo, maktaba pia haipo. Ama ilikuwa sanduku chini ya meza. Ama ilikuwa chumba kabisa, kimeandikwa MAKTABA mlangoni kwa rangi safi, lakini ukichungulia ndani unaona viti vilivyovunjika, magunia ya mahindi na ngoma za bendi ya shule.

Nimekuwa nikizunguka na kamera Kibera na Kawangware nikiuliza swali hilohilo, na majibu yanafanana mpaka yanachosha. Mwalimu anasema shida ni vitabu. Mfadhili anasikia, analeta vitabu. Picha zinapigwa, vitabu vinaingia kabatini, kufuli linarudi mahali pake. Mwaka unaofuata mwalimu anasema tena shida ni vitabu.

Mimi nasema shida kubwa si vitabu. Shida ni chumba. Na hii stori haikuanza jana. Ina karibu miaka 100.

Nguzo na simba

Ukiwa mjini, karibu na Msikiti wa Jamia, kuna jengo lenye nguzo kubwa za mawe na simba mbele. Hiyo ni McMillan Memorial Library. Ilifunguliwa mwaka 1931. Iliyejengewa kumbukumbu ni Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa hapa Kenya na kufariki mwaka 1925. Mkewe, Lucie, ndiye aliyesimamia ijengwe.

Ingia siku moja utazame. Dari iko juu sana, kwa hiyo joto halikukalii kichwani. Madirisha ni marefu, mwanga unafika mezani. Meza ni za mbao nzito, hazitikisiki ukiandika. Kuta ni nene, makelele ya matatu yanabaki nje. Mtu aliyeijenga hakuwaza vitabu peke yake. Aliwaza mwili wa msomaji: ataketi wapi, ataona vipi, atatulia vipi.

Tatizo ni kwamba msomaji aliyewazwa alikuwa mzungu. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika wa Nairobi angeweza kufagia zile ngazi, lakini si kuketi kwenye zile meza. Mwaka 1962, uhuru ukiwa unabisha hodi, jengo likawa chini ya Halmashauri ya Jiji.

Sasa cheki hii. Mwaka huohuo wa 1931, kule Madras, India, mkutubi anayeitwa S. R. Ranganathan alitoa kitabu kuhusu kanuni tano za maktaba. Watu wa maktaba wanakisoma hadi leo. Hoja yake ya kwanza ni kwamba kitabu hakipo ili kihifadhiwe, kipo ili mtu akitumie. Na alipoieleza hoja hiyo hakuishia kwenye vitabu. Alizungumzia maktaba iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, ina samani za aina gani, na anayekupokea mlangoni ni mtu wa aina gani. Yaani tangu 1931 Mhindi mmoja, naye akiwa chini ya ukoloni, alishaandika kwamba kiti na saa za kufungua ni sehemu ya maktaba sawa na kitabu chenyewe.

Zama za sanduku

Mwafrika naye alipewa nini? Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha East African Literature Bureau, makao yake hapa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu vya Waafrika, na pia kuwafikishia vya kusoma. Ndipo yakaja masanduku ya vitabu. Sanduku linajazwa vitabu, linatumwa mahali penye wasomaji, watu wanasoma, linarudishwa, linaletwa lingine. Wengine walitumiwa vitabu kwa posta.

Sitaki kuwakejeli watu wa masanduku. Kuna wazee waliopata elimu yao yote ya ziada kutoka humo, na ilikuwa afadhali kuliko hewa. Lakini ona mpangilio: mzungu alijengewa chumba, Mwafrika akaletewa sanduku. Mmoja aliambiwa, "Karibu, keti." Mwingine aliambiwa, "Shika, kasomee kwenu." Na kwenu ni wapi? Ni nyumba isiyo na meza wala taa.

Mwaka 1960 mtaalamu aitwaye Hockey aliandika ripoti akipendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na huduma yake ya maktaba. Tanganyika ikapitisha sheria 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Ya kwetu ndiyo knls, Huduma ya Maktaba za Kitaifa, iliyoanza kazi 1967. Wazo likabadilika, angalau kwenye karatasi: mwananchi naye anahitaji mlango wa kuingilia.

Hata huko mbali, waliolielewa hilo walionekana. Mwaka 1996 knls ilianzisha maktaba ya ngamia Garissa, kuwafuata wafugaji wanaohama. Watu wengi hukumbuka ngamia aliyebeba masanduku ya vitabu. Wanaomsahau ni ngamia wa pili, aliyebeba hema na mikeka. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanaketi kivulini. Yaani katikati ya nyika, wakutubi waligundua kwamba sanduku peke yake halitoshi. Wakabeba na chumba.

Kama ngamia anaweza kubeba chumba hadi nyikani, kwa nini kisifike Kawangware, ambako unafika na matatu ya 46?

Kabati la 2003

Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifanya elimu ya msingi kuwa bure. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Shule za umma zilizo karibu na Kibera zikafurika. Chumba chochote kilichokuwa na nafasi kikageuzwa darasa, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Ukiwa na watoto wamesimama nje na chumba cha kusomea ndani, utafanya nini?

Lakini kuna kitu kingine kilichotokea kimyakimya. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Vitabu vikaja. Mwalimu mkuu akawa mtu wa kujibu kila nakala iko wapi. Kitabu kikipotea, mzazi anaitwa alipe. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwalimu huyo: paa la mabati, mlango wa mbao nyembamba, mkaguzi anakuja. Utanunua nini kwanza, kiti au kufuli? Ukweli ni kwamba kila mtu angenunua kufuli.

Kuanzia 2018 vitabu vya kiada vilianza kupelekwa moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi kwa kila somo. Makabati yakajaa zaidi. Vyumba havikuongezeka. Na hapo nazungumzia shule za umma tu. Watoto wengi sana wa Kibera na Kawangware wako kwenye shule ndogo za kijamii na za watu binafsi, zile za mabati kati ya nyumba na nyumba. Huko hata hilo kabati ni zawadi ya mtu.

Sanduku la mkoloni halikuondoka. Lilibadilisha umbo tu, likawa kabati.

Kwa nini chumba ni suala la haki

Nyumba nyingi za Kibera ni futi kumi kwa kumi. Humo kuna kitanda, jiko, mitungi ya maji, runinga, kaka, dada na mgeni kutoka mashambani. Ukuta wa jirani ni bati moja, kwa hiyo muziki wake ni wako, ugomvi wake ni wako, ibada yake ni yako. Mtoto wa Lavington akifungiwa maktaba ya shule, ana chumba chake nyumbani. Wa Kawangware, ambaye yuko ng'ambo ya barabara tu, akifungiwa maktaba amefungiwa mahali pekee palipobaki.

Ushahidi uko wazi. Nenda maktaba ya knls pale Kibera siku karibu na mitihani. Utakuta vijana wengi hawajaenda kuazima kitabu chochote. Wamekuja na vitabu vyao na daftari zao mkononi. Walichokifuata ni meza, kiti, mwanga na watu wengine walionyamaza. Wanaazima chumba.

Maktaba hiyohiyo ilipata sifa hadi nje ya nchi kwa mradi uitwao Kids on the Tab, ambapo watoto wa shule za Kibera walikuja kusoma kwa kutumia tableti. Wengi waliusifu kama mafanikio ya teknolojia. Mimi naona vingine. Tableti hazikupelekwa kwenye kijiwe. Zilikuwa mezani, ndani ya chumba, na mkutubi yuko hapo kumsaidia mtoto aliyekwama. Kwa hiyo msee anayeniambia "siku hizi kila kitu kiko kwenye simu" namuuliza: hiyo simu ataisomea wapi? Simu bila mahali pa kutulia ni sanduku lingine, tofauti ni kwamba hili linahitaji chaji.

Chumba kinachomwambia mtoto karibu

Sasa tuongee kazi. Chumba kizuri cha kusomea si lazima kiwe na nguzo za mawe. Haya ndiyo ninayoyaona yana maana kwa shule zetu za mabati.

Kwanza, kiwe chini. Usiweke maktaba ghorofani kwenye jengo la mbao na mabati. Vitabu ni vizito jamani: mita moja ya rafu iliyojaa inaweza kufika kilo 20 hadi 30, kwa hiyo kabati la rafu tano linapita kilo 100, na hujaongeza watoto 30. Septemba 2019, kule Ngando, Dagoretti, sakafu ya juu ya shule iliporomoka asubuhi watoto wakiwa madarasani, na wasiopungua saba wakafa. Baada ya hapo hakuna mtu ana haki ya kuniambia kwamba mambo ya sakafu ni ya wahandisi tu.

Pili, mwanga na joto. Bati likipigwa na jua la saa saba, chumba kinakuwa tanuri. Mvua ikinyesha, husikii hata mawazo yako. Dari ya ubao mwembamba au hata ya magunia yaliyotandazwa vizuri hupunguza yote mawili. Ukibadilisha mabati mawili kwa yale ya plastiki yanayopitisha mwanga, umepata taa ya bure mchana kutwa. Kibera kuna mfano: mwaka 2015 wasanifu wa Hispania, SelgasCano, walijenga banda la maonyesho kwenye makumbusho ya Louisiana, Denmark, kwa vyuma vya jukwaa la mafundi na karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga. Maonyesho yalipoisha banda likasafirishwa hadi Kibera, likawa shule ya Kibera Hamlets. Hakuna marumaru hapo. Kuna vyuma vya mafundi, rangi na mwanga, na mtoto akiingia anajua mtu alimfikiria.

Tatu, rafu zilingane na mtoto. Rafu ya futi saba ni ya mtu mzima anayetunza vitabu. Mtoto wa darasa la pili anahitaji rafu isiyozidi kama mita moja na kidogo, na vitabu vya hadithi vimegeuzwa jalada lionekane, si mgongo. Mtoto ambaye bado anajifunza kusoma huchagua kitabu kwa picha. Ukimwonyesha migongo 40 ya rangi ya kijivu, umemwambia arudi akikua. Mpangilio pia usiwe wa kutisha. Rangi zinatosha: nyekundu hadithi, kijani wanyama na sayansi, njano Kiswahili.

Nne, sehemu mbili. Kona ya mkeka kwa wadogo na hadithi za kusomewa kwa sauti, na upande wa meza kwa wanaojiandaa kwa mtihani. Kama chumba ni kimoja, rafu fupi yenye magurudumu inaweza kuwa ukuta wa katikati. Siku ya mkutano wa wazazi unaisukuma pembeni. Shule isiyo na nafasi ya ziada haiwezi kumudu chumba cha kazi moja, na hiyo ni sawa. Mafundi wa Ngong Road hutengeneza vitanda na makochi ya kila aina. Rafu ya magurudumu haiwezi kuwashinda.

Tano, saa. Maktaba inayofunguliwa watoto wakiwa darasani na kufungwa wakitoka ni mapambo. Saa zenye thamani ni zile za baada ya masomo, kabla giza halijaingia, na Jumamosi. Nani atakaa hapo? Wanafunzi wa madarasa ya juu kwa zamu, na mtu mzima mmoja. Wape beji, wape daftari la kuazimia, utashangaa jinsi wanavyolinda kile chumba.

Na wizi? Najua swali hilo linakuja. Ndiyo, vitabu vingine vitapotea, vingine vitaliwa na mtoto mdogo wa nyumbani. Hesabu hasara hiyo mapema kama unavyohesabu chaki inayoisha. Kitabu kilichoraruka kwa kusomwa na watoto 50 kimefanya kazi yake. Kile kilicho kipya kabisa baada ya miaka mitano kabatini ndicho kilichoibiwa kweli, kwa sababu hakuna aliyekipata.

Wanaojenga upya na wanaorushiana mpira

Kuna watu walioanza kuigeuza historia hii. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi kukarabati McMillan na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Ninachokipenda ni kwamba matawi ya mtaani yalitangulia kukarabatiwa, lile jengo la simba likangoja. Kazi ilianzia kwa watoto wa mtaa.

Lakini Kibera na Kawangware haziwezi kungoja kila kitu kifanywe na watu wawili wenye moyo. Kuna shimo kwenye mpangilio wa serikali yenyewe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la maktaba. Elimu ya msingi imebaki kwa serikali ya kitaifa. Sasa maktaba iliyo ndani ya shule ya msingi ni ya nani? Kaunti itasema hiyo ni shule. Wizara itasema sisi tumeleta vitabu. Na shule ya kijamii isiyo ya umma haiko hata kwenye mazungumzo. Mpira unarushwa, mtoto yuko katikati anautazama ukipita juu ya kichwa chake.

Ndiyo maana nataka tubadilishe swali. Mfadhili akija mtaani na maboksi ya vitabu, mshukuru, kisha muulize kama ana bajeti ya rafu, dari na mkeka. Mheshimiwa akija kuzindua madarasa mapya, muulize ni lipi kati yake lina meza za kusomea baada ya saa kumi. Kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti kikiitwa, twende, na tusiseme "tunataka maktaba," kwa sababu neno hilo litajibiwa kwa kabati. Tuseme: tunataka chumba cha chini chenye mwanga, viti 30, kinachofunguliwa hadi jioni, na jina la mtu atakayeshika ufunguo.

Na wewe uliye shuleni sasa hivi, kesho mwulize mwalimu jambo moja kwa heshima: "Mwalimu, tunaweza kusomea ndani?" Akisema hakuna nafasi, mwombe mtoe vile viti vilivyovunjika pamoja.